Sauti ya Maman Philomène Iliyofungiwa Kabatini

Juzi niliposhuka kwenye mtumbwi upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu, mimi mdogo wake Philomène, niliyezunguka nchi nyingi, nilikuwa naikanyaga ng'ambo ile kwa mara ya kwanza. Ilinibidi niulize njia ya shule ambako dada yangu alifundisha miaka thelathini na mitatu. Muuza mihogo alinijibu: "Kwa Maman Philomène? Umechelewa, kaka."

Philomène Feza alizaliwa Kibombo tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mkulima wa mpunga. Shule ya msingi aliimaliza huko huko, akapata diploma ya ualimu Kindu mwaka 1988. Mwaka uliofuata alipewa darasa la kwanza hapa Alunguli, na hakuliacha tena.

Tarehe 8 Agosti 1992 aliolewa na Musafiri, mfanyakazi wa reli. Mwaka 1999, vita ikiwa imeuzunguka mji, Musafiri alitoka kutafuta chakula. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Philomène aliendelea kufundisha kwa kitabu kimoja kilichosalia. Siku moja alimwona mtoto akisoma vizuri kabisa, kitabu kikiwa kichwa chini. Darasa zima lilikuwa limekikariri. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Tangu hapo alitamani kitabu ambacho mtoto akigusa neno, neno lenyewe limjibu.

Mwaka 2021 mradi mmoja ulikuja kuvitengeneza vitabu hivyo kwenye tableti, kompyuta bapa za kugusa kwa kidole. Katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, wakimrekodi, alisoma hadithi ishirini, neno kwa neno, akinywa maji ya tangawizi kwa sababu ya kikohozi. Oktoba 2022 zikafika tableti arobaini zenye sauti yake. Mkuu wa shule, Bwana Djamali, akazifungia kabatini. Ndiyo desturi yetu: msaada hauguswi kabla wakubwa hawajaja kuukabidhi kwa hotuba na picha.

Mwezi huo huo aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alipasuliwa Bukavu, Januari 2023, akarudi bila sauti. Iliyobaki ilikuwa ile ya kabatini. Kila Jumatatu alikwenda ofisini na kibao chake cha chaki kuomba ifunguliwe.

"Maman, unataka wanifukuze kazi?" alisema Djamali. "Wakubwa bado hawayakuja. Utepe nani atakata?"

Philomène akaandika: "Kama munatafuta cha kukata, koo yangu njo hii."

Wakubwa walikuja tarehe 9 Mei 2025. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa. Betri zilikuwa zimevimba. Haikuwaka hata tableti moja. "Muzichaji tu," alisema mkubwa mmoja, akaingia garini. Philomène aliyaona yote hayo, ameketishwa mstari wa mbele. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 20 Mei.

Bwana Djamali yuko hapa uani. Hatumtukani, tunasema yaliyotokea.

Marehemu ameacha watoto wawili, Christelle na Roger, wajukuu wanne, na mimi, Bienfait. Ameacha pia kibao chini ya mto wake, kimeandikwa: "Mukienda kunizika, muntu mumoja abaki na watoto."

Fundi Yassine amefufua tableti tatu kwa betri za simu kuukuu. Kwa hiyo mbebeni, mwende naye makaburini. Mimi nabaki. Darasa la kwanza wamekwisha kaa, ishirini kwa kila tableti, wanangoja kusomewa na mwalimu ambaye hawajawahi kumsikia.

Nenda, dada. Amani iwe yako. Sisi tulioliacha kabati limefungwa, zamu yetu ya kupumzika bado.