Buti za Gwaride

Basi lilipokuwa likitoka Ilala kwenda Temeke, Auleria alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga asicheke. Kiti cha mbele alikaa askari wa zimamoto, miguu yote miwili imefungwa bendeji, na shingoni kaning'iniza buti zinazong'aa kama kioo.

"Pole, mwanangu," alisema mama wa baibui aliyekaa naye. "Umeungulia wapi?"

"Shikamoo, mama. Keko, kwenye nyumba za makuti. Nilikanyaga makaa."

"Marahaba. Na hizo buti?"

"Nilizivua kwanza."

"Ukaingia motoni peku?"

"Kesho gwaride, mama! Bwana mkubwa anakagua buti, hakagui miguu. Miguu itapona. Buti ikiungua haioti ngozi nyingine."

Basi zima likaangua kicheko. Askari hakujali; alipangusa buti moja kwa kiwiko, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Huyo bwana mkubwa nimkaribishe jikoni kwangu," alisema mama. "Avue viatu, akanyage kaa, halafu tukague pamoja."

"Atakataa, mama. Buti zake mpya, hawezi kuziacha mlangoni."

Auleria alicheka mpaka machozi yakamtoka. Basi likasimama Temeke, kwenye matope ya mvua ya asubuhi. Mama akageuka.

"Bibie unayecheka, hebu mwambie mwenzio viatu vina kazi gani!"

Auleria alikisukuma kikapu chake chini ya kiti. Miguu yake ilikuwa peku, imeroa matope mpaka vifundoni, na viatu vyake vya kanisani vilikuwa kikapuni, vikavu kabisa.