Mzee wa Pilipili na Paa la Uwanja

Kwenye basi dogo la kwenda uwanja mpya, hapa mjini Semarang, mzee aliyekaa mbele yangu alishika mshikaki wa pilipili na vitunguu, ile dawa yetu ya kuzuia mvua. Dada aliyekaa naye alikuwa akisoma mwongozo wa wageni.

"Humu wanasema mvua ikinyesha paa linajifunga lenyewe," dada akasema. "Sasa mzee, wewe unakwenda kufanya nini?"

"Wenye uwanja wameniita niilete hiyo mvua, ili wageni walione paa likijifunga. Miaka thelathini nazuia tu! Ni sawa na kumwambia golikipa akafunge mabao."

"Si uugeuze tu huo mshikaki, pilipili ziangalie chini?"

Mzee akamtazama kama katukanwa. Halafu akaugeuza. Mimi mambo haya siyaamini, lakini dirisha nililifunga.

Tulipofika getini mvua ilikuwa inapiga haswa. Paa lilijivuta mpaka katikati, likagoma.

"Mzee, izuie basi!" dada akapaza sauti.

"Nimeitwa kuileta," akajibu, akitoa mwavuli wake.

Dada akamwonyesha ukurasa wa tisa: miavuli marufuku, paa lipo.