Bi Kijiko na Chai Iliyosingiziwa Msumari

Tarehe 30 Juni, Mkuu wa Chumba cha Kuonjea katika kiwanda chetu cha chai atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Jina lake la kuzaliwa limo katika jalada la ofisi. Sisi sote tunamwita Bi Kijiko, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kijiko chake. Hata kwenye harusi ya mwanawe alikuwa nacho mkobani.

Alianza kazi kwenye meza ya kuchambua vijiti vilivyochanganyika na majani ya chai. Siku moja alilalamika kwamba chai ya wafanyakazi imeungua kidogo. Mkuu wa wakati huo akaionja, akakubali, akamhamishia chumba cha kuonjea. Wasioijua kazi ya uonjaji hudhani kwamba ni kunywa chai kutwa. La. Mwonjaji huvuta chai kutoka kijikoni kwa kishindo ambacho kwacho mama yeyote angemkemea mtoto mezani, huizungusha mdomoni, kisha huitema. Kishindo cha Bi Kijiko kilisikika hadi chumba cha kufungashia, na huko watu walijua kwamba siku imeanza. Amefundisha waonjaji kumi na wawili, na hakuna aliyesahau kanuni yake ya kwanza: ulimi usioulizwa hali hauaminiki.

Kanuni hiyo ina asili yake. Miaka minane iliyopita, mwonjaji wa pili, ambaye sasa anarithi kiti cha Bi Kijiko na ameturuhusu kuisimulia habari hii, alianza kukataa chai. Kila kikombe, alisema, kina ladha ya msumari. Mafundi walifungua vikaushio, tanki la maji likasuguliwa, birika zikabadilishwa. Fundi mkuu alitoka mvunguni mwa mashine akiwa mweusi kama sufuria, akasema, “Bi mkubwa, msumari uliobaki humu ni mimi tu.” Chai ilirundikana ghalani, na meneja alikuwa tayari kumwondoa mwonjaji huyo chumbani. Bi Kijiko akaonja vikombe vilevile. Chai ilikuwa safi.

Hapo aliacha kuichunguza chai, akaanza kumtazama mwonjaji. Alimwona akienda msalani kila mara, akisinzia kabla ya mapumziko ya asubuhi, akiziba pua mpishi anapokaanga vitunguu. Mkoba ulipomgusa kifuani alikunja uso. Bi Kijiko alimwita stoo, akafunga mlango, akauliza, “Mwanangu, siku zako uliziona lini mara ya mwisho?” Mwonjaji alijibu kwamba siku zake hazina mpangilio, kwamba bila shaka ni minyoo, na dawa ameshanunua. “Ziweke kwanza,” aliambiwa. “Usimeze kitu kabla hujapima.”

Mwonjaji alikuwa na sababu ya kuogopa kupima. Alikuwa ameolewa kwa miaka saba. Mimba yake ya kwanza iliharibika kabla hajajua kwamba anayo, na wifi zake walikuwa wameanza kuuliza kwa mafumbo. Hakutaka kutumaini tena. Kipimo cha kwanza cha mkojo kikasema hapana. Alilia, na Bi Kijiko, ambaye si mtu wa kubembeleza, alimwambia, “Umepima mapema. Dalili si ushahidi, na kipimo cha mapema si hukumu. Siku zisipokuja, pima tena baada ya wiki, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.” Wiki ikapita. Kipimo kikasema ndiyo: msumari haukuwa katika chai bali mdomoni mwake, kwani mimba huweza kubadili ladha ya ulimi.

Bi Kijiko hakuruhusu shangwe kabla ya kliniki. Alimhimiza aende mara moja, asisubiri tumbo lionekane. Apimwe damu na shinikizo la damu, aanze vidonge vya asidi ya foliki, amweleze mkunga habari ya mimba iliyoharibika, na aache kabisa kujinunulia dawa. Kisha akamwonya: akitokwa na damu, akiumwa sana tumboni, hasa upande mmoja, au akishikwa na kizunguzungu cha kumwangusha, asimsubiri mume wala mama mkwe. Ni hospitali, papo hapo.

Onyo hilo halikukaa bure. Asubuhi moja, kazini, damu kidogo ilionekana. Bi Kijiko aliacha safu nzima ya vikombe ikipoa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wala hajalirudia, akamwagiza dereva wa gari la mizigo awapeleke hospitali. Dereva alitaka kumaliza kupakia kwanza. Inasemekana alitazamwa mara moja tu. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kwamba mimba imekaa mahali pake na moyo unapiga. Daktari alieleza kwamba damu kidogo hutokea wakati mwingine bila madhara, lakini walifanya vyema kutosubiri. Bi Kijiko alirudi chumbani, akachukua kikombe kilichopoa, akakinywa chote. Hakutema. Ndiyo mara pekee tuliyomwona akimeza chai kazini.

Mwonjaji alipewa kazi ya kukagua majani makavu hadi ulimi wake ulipotulia, na nafasi yake ikamsubiri. Binti aliyezaliwa yuko darasa la kwanza, na hunywa supu kwa kishindo kinachomtia bibi yake aibu.

Tangu siku hizo, msumari ukisikika katika chai, hukaguliwa birika, kisha tanki, kisha mwenye ulimi huulizwa hali yake faraghani, kwani habari ya tumbo hutangazwa na mwenye tumbo. Utaratibu huo haubagui. Mwonjaji mmoja mwanamume alipolalamikia msumari, wenzake walimpongeza na kuanza kumchagulia jina la mtoto. Bi Kijiko alimtaka afungue mdomo, akaona jino bovu, akamwelekeza kwa daktari wa meno.

Bi Kijiko, tunaushukuru ulimi wako, na zaidi ya ulimi, macho yako. Kwa miaka thelathini na miwili umetema chai ili wengine wainywe. Sasa keti, umimine, unywe taratibu. Tunakutakia maisha mema: kikombe kijae, na usiteme hata tone.