Chungu Nilichokataa Kuapia

Ndugu zangu, nashukuru mmeitikia salamu yangu. Ulikuwapo mwaka ambao wengi wenu hamkuiitikia.

Leo, sikukuu ya somo wa jumuiya yetu, mtakatifu msimamizi wetu, tumesomewa maisha yake: waziri wa mfalme aliyekatwa kichwa kwa kukataa kula kiapo kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa. Mmepiga makofi. Mimi sikupiga.

Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji hiki mabomba ya mradi wa maji yalipoibwa. Wazee wakaamua viongozi wote tuapie chungu: unatamka kwamba ukiwa ndiye mwizi, ukoo wako uishe, kisha kinapasuliwa. Nikasema, "Polisi nitakwenda, mahakamani nitakwenda. Kuwaombea wanangu kifo, hapana."

Sokoni Ngaramtoni mmoja akaniamkia kwa sauti, "Shikamoo, mzee wa mabomba!" Watu wakacheka.

"Si uape tu, baba watoto," mke wangu alinisihi. "Chungu ni udongo."

"Kama ni udongo tu, mbona wanang'ang'ania?"

Wenzangu wote waliapa. Mimi nikavuliwa uenyekiti mkutanoni, kwa mikono iliyonyooshwa na watu ninaosali nao. Nikaanza kunywa.

Kisha mama akafariki. Mnajua kwetu mfiwa hachimbi kaburi. Nawaambia, nilichimba, maana hakuna aliyekuja. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Ndipo akaja jirani yangu, Mlutheri, na sululu begani.

"Huogopi laana ya chungu?" nikamwuliza.

"Kama uliiba, sijui. Mama yako alininywesha maziwa nikiwa mtoto, hilo nalijua. Haya, toka shimoni, mfiwa wewe!"

Tangu siku ile sijagusa pombe.

Baadaye mabomba yalikutwa kwa mmoja wa walioapa, tena aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Mkaja nyumbani: "Yamepita, mwenyekiti." Hayajapita. Nimewasamehe, lakini kaburi la mama limepinda upande ule nilioanza kuchimba mwenyewe, na nalipita kila nikienda shambani.

Namshukuru jirani yule. Namshukuru mke wangu, ambaye hakukubaliana nami na hakuondoka.

Ninalowaachia ni hili. Somo wetu naye alikuwa na majirani. Walikuwa Wakatoliki, walisali, wakaapa, wakarudi nyumbani kula. Tunaposoma maisha yake, tujitafute kwanza miongoni mwao.