Nilivyookolewa na Kozi ya Jumamosi, Saa Nane

Bwana apewe sifa, vijana wa Songambele, na nyie wa benchi la nyuma mnaotafuna karanga, apewe na kwenu.

Ndugu zangu, walionitangulia hapa wameokolewa kwenye pombe. Mimi nimeokolewa kwenye ratiba.

Niko kidato cha tatu. Nataka kuwa yule mtu anayevunja mfumo wa kompyuta kwa ruhusa ya mwenyewe, ili tundu lionekane kabla mwizi hajaliona. Kazi hiyo ina cheti, na cheti kina kozi. Kozi ni nyingi, muda ndio sina: siku za wiki shule, Jumamosi asubuhi nageuza kahawa kwenye turubai, Jumapili kwaya. Baba alisema, “Soma. Ila kahawa yangu isipate ukungu.”

Zikabaki kozi mbili. Moja ya kujisomea wakati wowote, bure. Nyingine ina mwalimu mtandaoni, Jumamosi, 8:00. Ya kujisomea niliidharau. Hii ya saa nane mchana nikasema imeshuka mbinguni: kahawa imegeuzwa, ebitoke, ndizi zetu za kupika, viko tumboni. Nikaomba nafasi ya ufadhili, nikapata, kwa sharti kwamba ukikosa vipindi vitatu, anapewa mwingine.

Jumamosi ya kwanza nikaingia darasani kwa kompyuta ya Dada Adela, mwenye duka la fotokopi. Hakuna mtu. Nikasema kumbe hata wataalamu wanachelewa. Ya pili, vilevile. Ijumaa ikaja barua: umekosa vipindi viwili.

“Nimekosaje, Dada, na nilikaa hapa saa nzima?”

“Uliingia saa ngapi?”

“Nane. Si wameandika nane?”

“Wee mtoto, hiyo nane ya kizungu. Ni saa mbili asubuhi.” Akacheka mpaka akashika mashine. “Unataka kuvunja mifumo ya watu, saa tu imekuvunja.”

Ndugu zangu, kipindi cha tatu kilikuwa kesho yake, wakati wa kahawa. Nikatengeneza uongo: nitasema nina mazoezi ya kwaya. Nikaenda nao hadi uwanjani, baba anakoanika kahawa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Kozi inaendaje?”

Uongo ukagoma kutoka. Sijui nani aliushika, ila namshukuru. Nikasema yote.

Baba akasema, “Mimi tiketi ya Bukoba iliandikwa saba. Nikafika stendi mchana, na mkungu wa ndizi kichwani.”

“Basi lilikuwepo?”

“Nyoo. Lilishaondoka asubuhi. Nikamwachia mama mmoja mkungu, nikarudi kwa miguu. Asubuhi siwezi kukupa, mwanangu. Kahawa haisubiri. Ila jioni, baada ya kuota moto, zako.”

Nikaandika kuiachia nafasi. Iliniuma, sidanganyi. Nikachukua ile niliyoidharau. Sasa niko sura ya nne, na mfumo wangu wa kwanza nimeupima kwa ruhusa: simu ya baba. Namba ya siri ilikuwa 1234. Tumeibadilisha, msijisumbue.

Namshukuru Mungu, ambaye hakunipa muda zaidi, alinipa ukweli mdomoni. Wewe uliyebanwa, mwamini. Anza kwa kumwambia mzazi wako.