Macho, Aliyeiacha Tuzo Jukwaani

Ndugu zetu, majirani zetu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu leo asubuhi mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya kuazima, familia imemkabidhi mdogo wake marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, naye anaomba mapema kwamba sauti ikikatika mumvumilie, na kwamba akitamka maneno ambayo kwa kawaida hayatamkwi mbele ya jeneza mumvumilie pia, kwa sababu wiki nzima hii magazeti na televisheni yamekuwa yakisimulia maisha ya mtu ambaye sisi wa nyumbani hatumjui.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Macho, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, katika wodi ya wazazi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mama aliyeuza tiketi kwenye dirisha la jumba la sinema. Mama hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo Macho alikulia chini ya meza ya tiketi, na alipoanza kutembea akawa anapenya pazia na kukaa sakafuni mbele ya viti vya kwanza, akitazama picha ileile kutwa nzima mdomo wazi. Baba alilalamika kwamba mtoto ataharibika macho, mama akamjibu kwamba hayo macho huenda yakamlisha siku moja, na jina likaanzia hapo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, katika shule iliyotazamana na kituo cha polisi, akaendelea na sekondari ya wasichana ng'ambo ya reli, ambako hesabu zilimpiga chenga tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, lakini akisimama kusoma kitabu mbele ya darasa hata wapishi walitoka jikoni kusikiliza. Jioni alisimama mbele ya kioo kikubwa cha dukani kwa baba, ameikumbatia chupa ya chai, akiwashukuru mashabiki wake kwa tuzo ambayo hajaipata, akawataja wazazi, akawataja walimu, na siku alizokuwa amenuniana na mdogo wake alimruka makusudi.

Mwaka 1977 alijiunga na kikundi cha maigizo, akaanza kwa kufagia jukwaa na kupiga pasi mavazi ya wenzake, na mwaka 1980 akapata nafasi ya kwanza kwenye filamu, ya muuguzi mwenye sentensi moja. Alitajwa kuwania tuzo ya mwigizaji msaidizi mwaka 1983, akakosa, akatajwa tena mwaka 1985, akakosa tena, na mara zote mbili alirudi nyumbani akicheka, akaingia bafuni, akafungulia maji ili tusimsikie analia, nasi tulimsikia.

Mwaka 1987 alipewa nafasi kubwa kwenye filamu ya mke aliyefiwa na mtoto, chini ya mwongozaji mmoja mwenye jina kubwa, ambaye hata mkewe alimwita Mwongozaji, na aliyeigiza kama mume alikuwa mchumba wa Macho mwenyewe, kijana mtanashati aliyekwisha kuja kwetu kujitambulisha na baba akamshonea suti. Picha zilichukuliwa katika kiwanda cha mikate kilichofungwa, taa kali, joto, harufu ya unga uliooza. Katika tukio la mezani, mume alitakiwa kusukuma sahani na kutoka, ndivyo walivyofanya mazoezi, lakini Mwongozaji hakuridhika, akamvuta yule mchumba nyuma ya kabati, akamnong'oneza. Waliporudia, mume hakugusa sahani. Alimpiga Macho kofi la sikio la kushoto, kwa mkono wote, hadi kichwa kikagonga ukingo wa kabati, na kamera ikamsogelea taratibu huku ameduwaa, mate yanamtoka, hajui yuko wapi.

"Safi sana," Mwongozaji akasema, "mpige tena, safari hii geuka kidogo tukuone."

Kiwanda kizima kikawa giza.

"Nani amezima taa?"

"Mimi," fundi wa taa akajibu kutoka juu ya ngazi, "na siziwashi."

Alifukuzwa kazi palepale, kabla hajashuka ngazi. Macho alipewa kiti, maji hakupewa, na mpambaji aliyekuja na kitambaa cha baridi aliambiwa asimguse, kwa sababu alama nyekundu ya vidole ingefaa kwa tukio linalofuata. Kisha watu wakaenda kula. Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka, na sikio lile halikusikia tena hadi anafariki. Jioni hiyo mchumba alikuja nyumbani na matunda, akajieleza mbele yetu sote.

"Ningekuambia, usingeshtuka, na yeye alitaka ushtuke."

Macho alivua pete, akaiweka juu ya yale matunda, akamrudishia mfuko wake.

Filamu ilitoka, watu wakajaa kuitazama, na ikatajwa kuwania karibu kila tuzo ya mwaka uliofuata, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kike. Wengi wametuuliza kwa nini basi alikwenda kwenye sherehe yenyewe. Alikwenda kwa sababu aliitaka ile tuzo, aliitaka tangu utotoni, na familia haina nia ya kumfanya malaika leo.

Ilikuwa tarehe 26 Machi 1988, na mdogo wake ndiye aliyekaa ubavuni mwake. Ukumbi ulinukia manukato na zulia jipya, watu walibusiana mashavu huku macho yakitafuta nyuma ya mabega mtu mwenye cheo zaidi, na mjumbe mmoja wa kamati alimshika Macho mikono yote miwili, akamwambia kwamba amempigia kura kwa moyo wake wote, halafu akamuuliza yeye alikuwa kwenye filamu ipi. Kamera zilipita mbele ya wanaowania, zinawavizia kama paka kwenye mlango wa jiko. Mmoja wa wawaniaji wenzake, mama mtu mzima wa vichekesho ambaye nchi nzima ilimwita Shangazi, aliyekuwa ametajwa miaka nenda miaka rudi bila kushinda, alimwinamia akamwambia, "Mwanangu, wakitaja jina la mwingine, cheka meno yote. Wanatafuta uchungu wako, usiwape bure."

Tuzo ya mwongozaji bora ilikwenda kwa Mwongozaji. Alipanda, akaishika sanamu kiunoni, akawachekesha watu kwa hadithi ya kiwanda cha mikate, kwamba alimnong'oneza jamaa ampe moja ya nguvu, na mwenzao pale mbele akawapa machozi ya dhahabu. Walicheka. Mwenyekiti wa kamati alicheka hadi akavua miwani. Kisha wakakionyesha kipande chenyewe kwenye skrini kubwa, sauti ya kofi ikatoka kwenye spika za pande zote, na kofi lile moja likazaa makofi ya ukumbi mzima, watu wamesimama, wanawake kwa wanaume, wengine wanajifuta machozi. Mdogo wake aliangalia nyuso zile moja moja, akabaki amekaa. Baada ya hapo mchumba wa zamani naye akatwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, akiwa ndani ya suti aliyoshonewa na baba yetu, akamshukuru Mwongozaji kwa kumfundisha kuthubutu.

Hatimaye wakalitaja jina la Macho. Alipanda polepole, akapewa sanamu, akaitazama kitambo, na sisi tunaomjua tuliona jinsi vidole vilivyoikaza. Kisha akaiweka sakafuni, karibu na kipaza sauti.

"Mnachokipigia makofi, mimi sikukiigiza," alisema. "Nilipigwa, na aliyenipiga ndiye aliyekuwa anioe. Sikio la kushoto limekufa, kwa hiyo kicheko chenu nimekisikia nusu, na hiyo nusu imenitosha. Tuzo ya kuigiza mpeni mtu aliyeigiza."

Hakupiga kelele, wala hakulia. Muziki ulifunguliwa haraka kumfunika, mtu wa itifaki akamshika kiwiko, na tulipotoka hakuna aliyetufuata isipokuwa Shangazi, viatu mkononi, akituuliza kama tuna nafasi kwenye gari.

Asubuhi magazeti yalimwita mwenye kiburi, mwehu, asiye na shukrani. Kamati ilitoa tamko kuhusu nidhamu, watayarishaji wakaacha kupokea simu zake, na mwaka uliofuata kijitabu cha washindi kilipotoka, mwaka wake kilimruka, kana kwamba siku ile hakuna mwanamke aliyeshinda. Mwongozaji aliendelea kupewa filamu na tuzo, akazeeka nazo, na wale waliojua walimkumbatia mbele za watu.

Mwaka 1990, tarehe 14 Julai, marehemu alifunga ndoa na fundi wa taa, ambaye baada ya kufukuzwa alikuwa akifunga umeme majumbani, na ambaye alimchumbia kwa namna yake, kwa kuja kutengeneza swichi ya jikoni kwetu, swichi ambayo haikuwa na ubaya wowote, hadi mama akamwuliza lini atasema kilichomleta. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, ambao wamekaa hapa mbele, na katika ndoa hiyo yote shemeji yetu alitembea upande wa kulia wa mkewe, ili asikie anachoambiwa.

Tangu mwaka 1992 alifundisha uigizaji katika ukumbi wa shule ile ya ng'ambo ya reli, akicheza pia michezo ya redio. Alikuwa mwalimu mkali, aliyefukuza wachelewaji na kuwachamba wanaojipenda kwenye kioo, na darasani kwake hakuna aliyemgusa mwenzake bila kumwambia kwanza ataguswa wapi na kwa nguvu gani. Kila mwaka sherehe za tuzo zilipoonyeshwa kwenye televisheni alitazama mwanzo hadi mwisho, akiyakosoa magauni, na mwaka mmoja, Shangazi alipopewa tuzo akiwa tayari hawezi kusimama, alizima na kwenda kukaa uani peke yake. Mumewe alipomfuata alimwambia kwamba bado anaitaka, na kwamba kuitaka kwenyewe ndiko kunakomchefua zaidi.

Mwaka 2009 mchumba wa zamani alifika pale ukumbini, mvi zimemjaa, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

Macho akatazama nyuma yake. "Na huyo mwenye kamera, yeye amekuja kuomba nini?"

Ilikuwa ni kwa ajili ya filamu kuhusu maisha yake mwenyewe, alieleza, watu waone alivyobadilika. Macho alimwomba amtoe nje mpigapicha, wakae wawili waongee. Yule bwana alifikiri, akasema mwangaza wa pale ni mzuri sana, ingekuwa hasara. Alifungiwa mlango.

Mwaka juzi marehemu alianza kuvimba miguu, na uchunguzi ukaonyesha kwamba figo zake zimechoka. Alipelekwa hospitali mara kwa mara kusafishwa damu, akiongozana na mumewe, na huko aliwaigiza madaktari mmoja mmoja, kutembea kwao na kukohoa kwao, hadi wagonjwa wenzake wakamwomba apunguze wasije wakachomoa mipira kwa kucheka. Mwezi uliopita, akiwa amelazwa, kamati ya tuzo ilimpigia simu, sauti changa yenye adabu, ikamweleza kwamba wameamua kumpa tuzo ya heshima ya maisha yake yote, na kwamba wangependa kumrusha moja kwa moja kutoka kitandani. Aliwasikiliza vizuri. Akauliza wataonyesha kipande kipi cha kazi zake.

"Kile cha mezani, mama. Kila mtu anakikumbuka."

Alimrudishia binti yake simu, akamwambia, "Waambie mama amelala," akaomba uji.

Alifariki tarehe 3 ya mwezi huu, alasiri, mumewe akiwa kulia kwake, akimwambia jambo ambalo hajatuambia, na hatumuulizi.

Familia inamshukuru daktari wa figo na wauguzi wa wodi namba sita, waliomhudumia bila kumchoka na wakakubali kuigizwa, inawashukuru majirani waliopika, waliolala nasi na waliofua mashuka bila kuombwa, inawashukuru walimu wenzake, wasikilizaji wake wa redio, na wanafunzi wake, ambao ndio watakaolibeba jeneza. Inamshukuru pia mpambaji yule wa kiwanda cha mikate, ambaye leo ni bibi, na ambaye ndiye aliyeuosha uso wa marehemu jana, kwa kitambaa cha baridi, bila mtu wa kumzuia.

Wajumbe wa kamati ya tuzo waliotufikia asubuhi wameomba dakika tano za kuzungumza na meza ndogo ya kuweka sanamu karibu na jeneza. Viti vipo, karibuni mkae kama waombolezaji wengine, lakini hiyo sanamu irudisheni garini, na vijana mliokuja na kamera zishusheni, kwa maana mzee huyu anayelia hapa mbele anamlilia mkewe.

Dada, umefanya kazi, umechoka. Pumzika sasa, kwa amani yako.