Gari la Taratibu na Upepo wa Klachi

Benchi la muuza kahawa pale kona lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, kwa hiyo akiinuka mmoja bila taarifa, wenzake wanajimwagia kahawa. Asubuhi hiyo walikaa watatu, na mbele yao gari kuukuu la mizigo la Taratibu, dereva aliyebatizwa jina hilo kwa mwendo wake. Kesho alfajiri alitakiwa amhamishe mwalimu mmoja nyumba, na gari haliendi. Ukikanyaga klachi, pedali inazama na kulala huko huko, gia haingii.

— Hiyo giabox imekufa, alisema Spika, kinyozi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Tafuta sanda.

— Giabox wapi! alipinga Waziri, tarishi mstaafu. Ni baridi. Mafuta ya klachi yameganda.

— Baridi gani, na wewe unajipepea na gazeti?

— Baridi ya ndani. Chuma kina baridi yake.

— Jamani, alisema Taratibu, nimebadilisha mpira wa masta ya chini, ile inayosukuma klachi, mafuta nimejaza mapya. Ni upepo tu umeingia kwenye bomba la mafuta.

Hakuna aliyemsikia. Tangu juzi alikuwa akisema hivyo hivyo.

— Ulipita karibu na mnara wa simu? aliuliza Spika. Ile mitambo inafyonza mafuta. Pikipiki ya shemeji yangu ilifyonzwa.

— Pikipiki ya shemeji yako ina klachi ya waya, haina mafuta.

— Si ndiyo nakwambia? Yalifyonzwa yote!

Muuza kahawa alicheka mpaka birika likamtikisika. Waziri hakukubali kushindwa.

— Mimi nawaambia, gari limesusa. Gari likizoea watu wawili, halafu ukalipanda peke yako, linasusa.

Taratibu, aliyekuwa anacheka na wenzake, akaacha kucheka. Waziri akajua amegusa pabaya, akajifanya anasoma gazeti.

Hapo ndipo alipofika fundi cherehani, mama aliyefungua duka ng'ambo ya barabara mwezi huu. Alikuja na kikombe chake mkononi.

— Samahani, kaka zangu. Huo upepo unatolewaje?

Taratibu akafurahi, maana ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.

— Kazi ndogo tu, dada. Mmoja anakaa kwenye usukani, anapampu pedali kisha anaikandamiza. Mwingine yuko uvunguni, anafungua skrubu, upepo unatoka, anafunga. Mnarudia mpaka pedali iwe ngumu.

— Na zamani alikuwa anakukanyagia nani?

— Mama watoto, Mungu amrehemu.

— Pole, kaka. Na sasa nani?

Watu wazima wote wakaangalia vikombe vyao. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa matone mawili na mashapo.

— Imekwisha, alisema.

Fundi cherehani akaitwa na mteja, akavuka barabara mbio. Waziri akakumbuka dawa zake za goti. Spika naye kumbe alikuwa na kichwa cha mtu alichokiacha nusu.

Taratibu akabaki na benchi. Jana alijaribu kuegemeza pedali kwa gongo, ikashindikana, gongo halijui kupampu. Wala si kwamba wenzake ni wabaya. Hajawahi kuwaomba. Kumwambia mtu "njoo ukae kwenye kile kiti" kulimshinda, na upweke ulimbana hasa hapo, kwenye jambo la dakika kumi.

Akachukua spana, akaingia uvunguni, akaishika skrubu.

— Kanyaga!

Aliita kwa nguvu, sauti ikafika mpaka saluni. Kisha akalala chini ya gari lake, kiti cha usukani kitupu, akasubiri. Kule kwa Spika, mashine ya kunyolea ikazimwa.